Muulize Anti: Bega limefunguliwa, ugali atasonga nani?

Toleo lililopita tulichapa barua ya baba mmoja wa Morogoro aliyeuliza atalalaje baada ya opresheni ya bega, tukamjibu kwa mistari michache tukaona imetosha. Kumbe tumechokoza nyuki. Barua zimekuja mpaka mhariri kashika kichwa, wapo walioanguka na bodaboda, wapo walioteleza bafuni, kuna na mmoja alivutwa mkono na ng'ombe wake mwenyewe. Na kwa kuwa Anti bega lake la kulia lilishawahi kufunguliwa, mzigo wote nimetupiwa mimi. Daktari sio mimi jamani, habari za vidonge vingapi na saa ngapi muulize aliyekufungua, mimi nabaki na yale ambayo daktari hana muda nayo, yaani ugali, kwapa, salamu na mama mkwe.

*Anti shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Tabata. Niliteleza bafuni nikadaka koki ya maji, mkono ukavutika, kwenda kupima wakasema kano imechanika, nikafanyiwa ile opresheni ya matundu na sasa niko wiki ya nne. Maumivu yamepungua mpaka nasahau kama naumwa. Shida mume wangu anasonga ugali una madonge, watoto wanakula wananiangalia mimi. Nikivua slingi, hiki kitambaa kinachoning'iniza mkono shingoni, dakika kumi tu nikasonga ugali mdogo wa kilo moja kuna shida? — Mama wa Tabata*

Marahaba mwanangu. Kwanza ugali wa kilo moja sio mdogo, huo ni ugali wa msiba.

Sasa nisikilize. Begani kuna misuli minne imeuzunguka mfupa wa mkono, kazi yake kuushika usichomoke kwenye kisahani chake maana hicho kisahani chenyewe ni kidogo mno ukilinganisha na kichwa cha mfupa, ndo maana bega linazunguka kila upande na ndo maana pia linaharibika kirahisi. Kano ya msuli wa juu ndo inachanikaga mara nyingi. Daktari alichofanya ni kuirudisha kano kwenye mfupa, anaweka vinanga vidogo ndani ya mfupa vyenye nyuzi, anaivuta kano anaifunga hapo. Kilichopoa kwako ni uvimbe na vile vidonda vya juu. Kano na mfupa bado havijashikana, vinashikiliwa na uzi. Ni sawa na kiatu kilichotoka kwa fundi gundi haijakauka, kwa macho kimeshika, kivae ukimbilie daladala uone. Na ubaya wa wiki hizi, ya nne ya tano, ni kwamba hazina maumivu ya kukukataza, mtu anajisikia mzima na uzembe wote unafanyika hapohapo. Wiki ya kwanza nani atashika mwiko? Hakuna. Kwahiyo slingi inakaa mpaka siku aliyokwambia daktari, kwa wengi ni wiki nne mpaka sita, na shughuli za nguvu haziguswi mpaka miezi mitatu hivi ipite, mizigo ya kweli kweli wengine mpaka miezi sita.

Na usiniambie utasonga kwa mkono wa kushoto, najua ndo unachowaza. Ugali hausongwi na mkono, unasongwa na mwili mzima, ukikandamiza kushoto sufuria inacheza, na sufuria ikicheza mkono wa kulia unatoka wenyewe kwenda kuidaka, haukuulizi.

Mume aendelee. Hayo madonge yanatokana na kumwaga unga mwingi kwenye maji yanayochemka kwa pupa, mwambie akoroge kwanza unga kidogo na maji ya baridi, amimine kwenye sufuria apate uji, uji uchemke vizuri usilegee legee, ndo aongeze unga kidogo kidogo huku anakandamiza kwenye ukuta wa sufuria. Wewe kaa kwenye stuli uangalie. Usimrekebishe kila sekunde, akisusa tumerudi palepale. Siku nyingine pikeni wali, ndizi, viazi, na nazi nunua ya kukunwa na mashine sokoni, ile mbuzi iweke mbali kabisa hata usiione. Kukata nyanya kwa mkono mmoja weka kitambaa kibichi chini ya kibao, hakiendi popote. Ila ndoo ya maji usiiguse kwa mkono ule hata ikiwa nusu, hata ikiwa robo, maana ndoo inavuta bega kwenda chini. Kikombe cha chai daktari akiruhusu, basi, ndo mzigo wako kwa sasa.

*Anti, mimi ni kijana wa Moshi, mkono wa kulia umefungwa. Juzi msibani mzee mmoja kaninyooshea mkono nikampa wa kushoto, kaniangalia kama nimemtukana. Nifanyeje? — Wa Kushoto*

Mzee alikuwa na haki yake na wewe ulikuwa na haki yako. Next time usinyooshe kabisa, inama kidogo, kiganja cha kushoto weka kifuani, toa shikamoo yako kwa sauti, na ukiongeza "niwie radhi mzee, mkono una jeraha" hakuna mzee Mchaga wala Mmakonde atakayekununia. Slingi ikae juu ya nguo ionekane, ukiificha ndani ya koti kwa ajili ya kupendeza watu watajuaje.

Ila mimi wanaonitisha sio wazee, ni wenye huruma. Kuna aina mbili. Wa kwanza akiona mkono umefungwa anaufuata hukohuko kwenye slingi anaushika vidole anautingisha, eti amekusalimia bila kukusumbua. Wa pili anakuja kwa nyuma, "pole sana ndugu yangu!", na hiyo pole anaisindikiza na kofi la begani, bega lilelile! Sijui kwanini binadamu akisikia bega linauma anataka kuligusa ahakikishe. Msibani na kanisani simama bega likiwa upande wa ukutani au muweke mdogo wako upande huo awe mlinzi. Kwenye daladala kaa siti ambayo bega bovu haliko upande wa watu wanaopita, na kama limeangukia dirishani weka kanga iliyokunjwa katikati, ukuta wa gari nao unapiga. Kusimama na kuning'inia bombani huku mkono mmoja umefungwa hapana, subiri gari linalofuata, na konda akikwambia "sogea kidogo mgonjwa" jibu kuwa mgonjwa hasogei.

*Shikamoo Anti. Mimi baba wa miaka 58, wiki ijayo naingia chumba cha upasuaji, bega la kulia. Kila mtu ananiambia lake, mmoja anasema sitasikia kitu, mwingine anasema nitalia usiku. Nijiandae vipi? — Baba Mwoga, Dodoma*

Marahaba baba. Wote wawili wamesema ukweli, wanatofautiana saa tu.

Mara nyingi pamoja na usingizi wanakuchoma ganzi kwenye mishipa ya fahamu hapa shingoni, mkono wote unakufa. Ukiamka unautazama unauona ni wa jirani, ukiuinua unaanguka, na huo ndo wakati wa kuwa nao makini maana ukiulalia au ukiuunguza na chai huwezi kujua. Wengine siku hiyo jicho la upande huo linalegea kidogo, sauti inakwaruza, au pumzi wanaiona fupi, kwa kawaida inaondoka na ganzi yenyewe, ila pumzi ikiwa ya shida kweli mwite nesi usijikaze kiume. Sasa jioni utajisikia bingwa, unapiga simu kwa ndugu wote, "mbona hamna kitu!". Halafu ganzi inaondoka, na haina adabu, inapenda kuondoka usiku wa manane, hapo ndo yule wa pili anapopata ushahidi wake. Kwahiyo dawa za maumivu anza kwa muda waliokupangia kabla ganzi haijaisha, usisubiri mpaka uumie ndo unatafuta miwani ya kusomea karatasi ya dawa. Weka alamu. Na usijiongezee za dukani bila kuuliza, kuna za kwenye familia ya diklofenaki ambazo baadhi ya madaktari hawazitaki kwa mtu aliyeshonwa kano, halafu panadol nayo ina ukomo wake kwa siku na imejificha ndani ya dawa nyingi za mchanganyiko, unaweza kuzidisha hujui.

Kitandani usahau habari ya kulala chali wiki za mwanzo. Utalala nusu umekaa, mito mgongoni, na mto mdogo au kanga mbili zimeviringishwa ziwekwe nyuma ya kiwiko, hiyo ndo siri yenyewe, kiwiko kisidondoke kwenda nyuma. Wenye sofa la kuegemea wanahamia sebuleni kabisa, na mke anapata usingizi wake maana utakuwa unaguna. Chandarua ingia kwa upande wa mkono mzima, achomeke mtu mwingine. Feni isikupulize usoni usiku kucha lakini iwepo, Dodoma mna nafuu, sisi wa pwani jasho linalowesha chini ya ile slingi mpaka ngozi inachubuka, weka kitambaa cha pamba shingoni na kiwikoni ukibadilishe.

Vitu vya kufanya wiki hii kabla hujaenda ni hivi, jizoeze kupiga mswaki na kunywa uji kwa kushoto maana siku ya kwanza utajilisha sikio. Kata kucha. Vua pete. Nunua mashati mawili matatu ya vifungo mbele makubwa kuliko wewe, na suruali ya lastiki, zipu na mkanda kwa mkono mmoja halafu tumbo limekukamata, baba yangu, hiyo ni fedheha. Kuhusu tumbo kwenyewe, dawa kali za maumivu kama tramadol zinafunga choo, watu hawaambiwi wanadhani ni opresheni imewaharibu. Maji mengi, papai, mboga za majani, tembea tembea uani, na ikigoma siku kadhaa mwambie daktari akupe cha kulainisha. Barafu inasaidia uvimbe, zile za mifuko za dukani zinatosha, funga kwenye kitambaa dakika 15 mpaka 20 kisha toa, na bendeji isilowe.

Na siku ya kurudi nyumbani usipande bodaboda. Najua unajua. Nasema hivyo kwa sababu yupo mmoja kaniandikia kwamba alirudi na bodaboda, na ajali iliyompeleka hospitali ilikuwa ya bodaboda.

*Anti mambo, mimi nina miaka 26, aibu yangu ni kwapa. Siwezi kuinua mkono hata kidogo, nahisi nanuka, na sidiria sijavaa tangu nitoke hospitali. Saidia. — Binti wa Mwanza*

Poa mwanangu. Usiinue mkono, inama wewe. Simama, mkono mzima ushike ukingo wa meza au sinki, slingi ivuliwe kama umeruhusiwa kuivua wakati wa kuoga, inama mbele taratibu kutoka kiunoni na uuache mkono mgonjwa uning'inie kwa uzito wake wenyewe, wala usiutume kufanya chochote. Kwapa linafunguka lenyewe. Pitisha kitambaa kibichi chenye sabuni kidogo, pitisha cha maji, kisha kausha, kausha kweli, maana unyevu ndo unaoleta vipele na hiyo harufu. Deodoranti pakaa kwapani tu isiguse mshono. Kidonda kisilowe mpaka nyuzi zitoke, kawaida siku 10 mpaka 14, kwahiyo ndoo na kikombe kwanza, kujimwagia kichwani baadaye.

Kuvaa kuna sheria moja na ukiishika maisha yanakuwa mepesi: mkono mgonjwa unaingia wa kwanza na unatoka wa mwisho. Dera ndo mkombozi, mikono yake mipana na hata ukiwa unatoka jasho hewa inapita. Na kuna vazi babu zetu walituachia, lubega, kanga au shuka unaifunga fundo juu ya bega moja, la pili linabaki huru, funga upande mzima umemaliza, na unapendeza. Sidiria iache ipumzike, kama lazima tafuta isiyo na kamba au ya kufungia mbele, au uivae kwa kuingilia miguuni kama sketi, mikono ya kuifunga mgongoni huna na hutakuwa nayo kwa muda mrefu kidogo, ule mwendo wa kupeleka mkono nyuma ndo wa mwisho mwisho kurudi. Nywele ungesukwa twende kilioni kabla ya opresheni lakini sasa imeshapita, muite msusi nyumbani, ukae kwenye kiti sio chini kwenye mkeka katikati ya magoti yake, maana wasusi wetu wakitaka kichwa kigeuke wanavuta bega.

*Asalaam alaykum Anti. Mimi mtu mzima wa Tanga. Wengine wanalia wamefanyiwa bega la kulia hawawezi kula, mimi nimefanyiwa la kushoto. Nadhani umenielewa shida yangu ni ya chumba gani. — Mtu Mzima*

Waalaykum salaam. Nimekuelewa, na nilicheka kidogo, unisamehe.

Mkono wa kushoto umefungwa, lakini vidole, kifundo na kiwiko kwa kawaida unaruhusiwa kuvitumia na unatakiwa uvichezeshe visikakamae, tatizo ni bega tu. Sasa kuchamba kwa kupeleka mkono nyuma ndo hasa mwendo uliokatazwa, unazungusha bega kwa ndani na nyuma kwa wakati mmoja. Kwahiyo tumia wa kulia, na sabuni ipo. Hata dini haimlazimishi mgonjwa asichokiweza, ukitaka utulivu wa moyo muulize shekhe wako na hapohapo muulize na habari ya udhu na bendeji na kuswali umekaa, kusujudu na mkono kwenye slingi usijaribu bila ruhusa ya daktari. Kama nyumbani kuna shatafu una bahati, kama ni kopo basi kopo likae upande wa kulia kwenye kitu kilichoinuka kidogo, sio chini. Na choo cha kuchuchumaa hakikisha una kitu cha kushika kwa mkono mzima wakati wa kuinuka, asiinuke mtu kwa kusukuma ukuta na mkono mgonjwa. Kama unaweza kupata kiti cha choo, zile za plastiki zilizotobolewa katikati, azima.

*Anti nakuomba usinitaje. Mama mkwe kaja kutoka kijijini kuniuguza, kila jioni anachemsha maji ya moto na majani ya mwarobaini anataka anikande bega "lisije likaganda". Nikikataa nitaonekana nina dharau. Niko wiki ya pili. — Mkwe Mwema*

Hapo pagumu, daktari aliyekufungua huwa haendi na wewe nyumbani kwako.

Kukandwa wiki ya pili hapana kabisa, si maji moto si mafuta ya nyonyo. Kidonda kibichi kinaingia uchafu, na kule kubonyeza na kuvuta kunaenda kwenye uzi niliomweleza mama wa Tabata. Ila mama mkwe hajakosea jambo moja, bega kuganda kupo kweli, linakakamaa halipandi, na wenye kisukari ndo linawapata zaidi. Dawa yake ni mazoezi ya fizio ya hatua kwa hatua tarehe zikifika, anayekupangia ni yule mtu wa fizio aliyeongea na daktari wako. Baadaye huko mshono ukishapona vizuri hata kuusugua kidogo na mafuta na kuweka joto kabla ya mazoezi kunaruhusiwa kwa wengi, kwahiyo unaweza kumwambia kwa ukweli kabisa kwamba kazi yake haijafutwa, imeahirishwa.

Namna ya kumwambia, usiseme "mimi sitaki". Sema "daktari kasema", na mume wako ndo aseme, ni mama yake, sio wewe. Kisha mpe kazi, mama mkwe asiye na kazi atatafuta ya kufanya na ni bega lako. Yeye ndo awe msimamizi wa barafu, aangalie saa. Yeye apike supu ya samaki, ugali asonge yeye, mlio na mama mkwe mwenye afya mna bahati hamjui. Na akisimulia kwa wageni kwamba yeye ndo kakuponya mwache asimulie.

*Anti, ni dere wa matatu hapa Mombasa. Bega lilitoka kwa socket mara tatu, wakanifanyia. Mwenye gari anasumbua nirudi kazini. Nirudi lini? — Dere*

Dere usirudi kwa sababu ya simu ya mwenye gari. Wakati uko kwenye slingi huendeshi, halafu wakati bado unameza zile dawa za kulewesha huendeshi, na vyote viwili vikiisha bado kuna swali la tatu, mtoto akikatiza mbele yako unaweza kukata usukani ghafla kwa mikono miwili bila kuwaza bega? Kwa gari dogo watu wengi wanaruhusiwa kuanzia kama wiki ya sita kwenda mbele, la kwako ni gari la kazi, usukani mzito, kutwa nzima, barabara mnazijua wenyewe, tegemea zaidi ya hapo na uwe na ruhusa ya daktari ya maandishi, ikitokea ajali utaulizwa. Makanga kuning'inia mlangoni na mkono juu ya kichwa ndo mbaya kuliko dereva, bega lililotoka mara tatu linatokaga hivyohivyo, mkono ukiwa juu na umepinda kwa nje. Mwambie mwenye gari atafute wa kushikilia kwa miezi mitatu minne. Bega likitoka tena baada ya kushonwa hamtapoteza miezi, mtapoteza msimu.

*Anti nimepewa zoezi la kuinama na kuuzungusha mkono ukiwa unaning'inia. Nafanyia uani. Mwenye nyumba kamuuliza mke wangu kama nimeanza uganga. — Mpangaji, Mbagala*

Mwambie ndiyo na kodi ishuke.

Hapana, natania, lakini hakikisha unalifanya sawasawa. Ule mkono haujizungushi wenyewe, unazungushwa na mwili. Mkono mzima kwenye meza, unainama, mgonjwa unaning'inia mfu, kisha unayumbisha kiuno mbele nyuma, kulia kushoto, mkono unafuata wenyewe na kufanya viduara vidogo. Ukiona misuli ya bega inakaza basi umeshaanza kuutuma. Watakapokuruhusu hatua inayofuata watakupa ya kutembeza vidole ukutani kupanda juu, au ya kamba iliyopitishwa juu ya mlango au tawi la mwembe, mkono mzima unavuta na mgonjwa unapandishwa, hapo ndo mwenye nyumba ataita kikao cha mtaa. Fanya kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku, sio mara moja kwa hasira. Kuvuta kidogo ni kawaida, maumivu ya kuchoma yanayobaki mpaka usiku umepitiliza.

Kabla sijasahau, watu wanne tofauti wameniuliza kuhusu mshono kuwa mwekundu, kutoa usaha, homa, vidole kuwa na ganzi isiyoisha siku baada ya opresheni, na mmoja mguu umemvimba na kifua kinambana. Hao sikuwasubirisha gazeti litoke, niliwaambia wote nendeni hospitali leo, na wewe unayesoma ukiwa na mojawapo funga ukurasa uende.

*Anti kipenzi, mimi mama wa bwana harusi, Ilala. Harusi ni Jumamosi ya wiki ijayo, mimi niko wiki ya saba, slingi nimeshatolewa, kitenge kimeshashonwa. Nitacheza? Mwaka wote nilichangia harusi za watu nikacheza na leo ya mwanangu nikae kwenye kiti? — Mama Bwana Harusi*

Hongera sana mama! Utacheza. Lakini kuanzia kiunoni kwenda chini, na huko ndo ngoma ilipo miaka yote, mabega ni mbwembwe tu. Mkono mgonjwa ushike pochi ndogo uutulize karibu na tumbo, mkono mzima ndo upunge kitambaa, ndo utunze, ndo ulambishe keki. Mikono juu hapana, hata kama MC anapiga kelele "mikono juu wote", wewe mama mwenye shughuli nani atakukemea. Wakitaka kukubeba kwenye kiti juu juu kataa mapema, muweke dada yako mkali karibu. Slingi ile iwe kwenye mkoba, ukiona ukumbi umejaa na walevi wameanza kukumbatia watu ivae tena, haina dhambi, watajua wapitie mbali.

Kitenge nina wasiwasi nacho. Kama fundi kakishona kwa zipu ya mgongoni na mkono wa kubana, kesho asubuhi kirudishe, afungue bega aweke vifungo, au aongeze kitambaa kwapani. Usisubiri Jumamosi saa nane mchana watu watano wanakuvuta kuingia gauni. Na mpiga picha mwambie kabisa akupange pembeni, bega zima ndo liwe upande wa ndugu wa bibi harusi, wale watakuja kukumbatia mmoja mmoja na wako wengi.